Msomaji Mwenzetu wa Bariera

Dada Kavira,

Mume wako ameoa. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwa wewe unayeandika ungeanza na hilo, bila kuzunguka. Kambale alikwenda kwao Butembo akiwa na nguo za matanga, akarudi Kashebere na mwanamke. Anaitwa Masika. Ana meno mazuri. Anauza chumvi, sabuni na vitenge nyuma ya meza yako, na wateja wamekwisha kumzoea, wanamwita Mama Butiki kama walivyokuita wewe. Hawakungoja sana.

Sikuandikii ili nikuumize. Ao labda ni kwa kukuumiza, sijui. Uliniacha na mambo ambayo siwezi kumwambia mtu mwenye masikio, basi yapokee wewe.

Masika anasoma. Hilo ndilo linaloniua. Ningependa angechana vitabu vyako afungie karanga, ningemchukia kwa raha na kila mtu angenielewa. Lakini alivikuta ndani ya karatoni chini ya meza, akavipanguza vumbi kimoja kimoja, na Jumapili moja baada ya misa akaja kule nyuma ya duka, akaketi kwenye kiti chako cha plastiki. Akaniambia kwa adabu, "Dada Furaha, Kambale ameniambia munakusanyikaka hapa juu ya kusema habari ya vitabu. Na mimi napendaka kusoma." Nikampa kile cha padri aliyetoroka na mke wa mwalimu. Akakimaliza. Amekionaje? "Iko kizuri." Nikampa kile cha ndugu wawili na shamba la kahawa. "Nacho iko kizuri." Nikampa kile ambacho wewe ulikirusha ukutani mpaka jalada likachomoka. "Kizuri sana, dada. Kimenifurahisha."

Kavira, kila kitabu kwa yule mwanamke ni kizuri. Kambale amekubadilisha na mtu ambaye hajawahi kuchukia hata ukurasa mmoja.

Wewe ulichukia vizuri. Watu waliokuja kununua sabuni wakakuona unacheka nao hawakujua ulivyokuwa mbaya mbele ya kitabu. Ulirudi kutoka Goma na mizigo yako, na katikati ya marobota ya vitenge mna riwaya, za Kifaransa nyingi, za Kiswahili chache, nyingine hazina mwanzo, nyingine zimeliwa na panya. Ulizisoma zote. Halafu Jumapili ulikuwa unazichinja. Mimi napukuchua maharage, Papa Anselme ameegemea ukuta na macho yake yaliyokufa, na wewe unasema: "Huyu mwandishi anaogopa watu wake. Anawapenda mpaka anawafichia makosa." Papa Anselme anatikisa kichwa. Alikuwa katekista kwao Ntoto kabla vita haijamleta kwa binti yake hapa, na katika kila kitabu alimtafuta mtakatifu. Wewe katika kila kitabu ulimtafuta mwizi. Mara nyingi nyote wawili mlikuwa mnamzungumzia mtu mmoja.

"Papa, wewe unapendaka watu sana." Ulimwambia hivyo kila Jumapili, na yeye alijibu kila Jumapili, "Na wewe, Mama, unawajuaka sana." Mimi nilikuwa katikati na maharage yangu. Nilifikiri tutazeeka hivyo.

Kwa sababu ya macho ya Papa njo ulianza kusomea ndani ya telefone. Uliketi dukani wakati hakuna mteja, kitabu cha Kifaransa mbele yako, na ukakisoma kwa sauti katika Kiswahili chetu, ukigeuza maneno papo hapo, kama mtu anayemenya muhogo huku anatembea. Kisha ulimwekea Papa Anselme kwenye kadi ya ile redio yake ndogo. Alisikiliza mchana kutwa, redio juu ya kifua. Mtu akiingia dukani katikati ya sura anasikika akiuliza bei ya chumvi, nawe unajibu, unarudi kitabuni bila kuvuta pumzi. Lakini sehemu nzuri zaidi ni pale ulipojikatiza wewe mwenyewe. "Ngoja kwanza. Huyu mwanaume iko bure kabisa. Mimi ningeshamufukuza kwenye ukurasa wa kwanza. Bon, tuendelee." Papa Anselme alikuwa anasema anazipenda hizo ngoja-kwanza zako kuliko kitabu chenyewe.

Cha mwisho kilikuwa cha Nabintu. Unakumbuka ulivyokipenda, wewe usiyependa kitu. Nabintu, mjane kijana wa Bukavu, anafukuzwa na mama mkwe wake mbele ya watu, na mtoto mgongoni, katika mvua. Miaka inapita. Yule mama mkwe anaugua, macho yanamwishia, wana wake wanamkimbia kwa sababu ya harufu. Nabintu anarudi. Hasemi yeye ni nani. Anaanza kumwosha.

Ulisoma ndani ya telefone mpaka hapo. Sura ya mwisho ilibaki. Ulinipa kitabu chenyewe nikamalize mimi kwanza, kwa sababu ulitaka kugombana na mtu kabla ya kuirekodi. Tuligombana. Nilikwambia Nabintu alifanya vile kwa upendo. Ulicheka mpaka ungo wangu ukapinduka na maharage yakamwagika. "Upendo gani? Furaha, soma tena. Ile ni kisasi. Ni kisasi safi kabisa, na watu watamwita mtakatifu." Tukaokota maharage pamoja. Sikukubali. Ulisema utaisoma sura hiyo kwa namna ambayo hata Papa Anselme ataelewa.

Siku zilizofuata mimba yako iliharibika.

Mengine unayajua, lakini hukuyaona yote, maana macho yako yalikuwa yanaenda na kurudi. Muuguzi wa kituo alisema damu haikomi, tukukimbize hospitali ya Masisi. Kambale alikuwa safarini na mizigo. Nilipanda pikipiki nyuma yako, nikakubana katikati yangu na dereva, na kitenge chako nilikifunga kikaloa, nikafunga changu juu yake. Telefone ulikuwa umeikamata mkononi. Kwenye ile kona kabla ya daraja, kwenye bariera, mti umelazwa barabarani, na vijana wenye bunduki wameketi chini ya turubai. Hao unawajua, mara ni hawa, mara ni wale, jina linabadilika na mti ni ule ule. Mmoja alikuwa anakula mahindi ya kuchoma. Wenzake walimwita Safari.

Nilimwambia mgonjwa anatoka damu. Akasema, "Watu wote wanasemaka wako wagonjwa." Akachomoa ufunguo wa pikipiki. Akasema tungoje chef, mkubwa wao, aamke. Nikapiga magoti, Kavira. Nilipiga magoti kwenye matope na yeye alikuwa anang'oa punje za mahindi kwa kidole gumba, moja moja, akizitupa mdomoni, bila kunitazama. Hakuwa na hasira. Kama angekuwa na hasira ningejua la kufanya. Alipomaliza bunzi alilitupa majanini, akaja karibu nawe, akaichukua telefone mkononi mwako kama mtu anayechuma embe. Hukukaza vidole. Chef hakuamka kamwe. Sijui kama kulikuwa na chef. Aliturudishia ufunguo alipochoka kutuona.

Watu walitaka maneno yako ya mwisho. Katika matanga waliniuliza, na shangazi yako anayekaa hapa Kashebere alikasirika kwa sababu sikuwa nayo. Uliomba maji. Sikuwa na maji. Tulivuka daraja, tukapanda kile kilima, na kichwa chako kikawa kizito begani kwangu, dereva akaendelea kuendesha kwa sababu sikumwambia asimame. Tulikuzika Kashebere. Njia ya Butembo wakati ule ilikuwa imefungwa, mama yako na watu wa kwenu hawakukuona.

Nilimwambia Papa Anselme kwamba kitabu cha Nabintu ninacho, nitamsomea sura ya mwisho. Akakataa. Akasema, "Acha, mwanangu. Mama amekwenda na mwisho wake. Siutaki kwa mtu mwingine." Aliendelea kusikiliza zile sura zako tangu mwanzo, akifika mahali unapokatika anarudi mwanzo tena. Binti yake alinilalamikia kwamba redio inamaliza betri. Niliona ni vizuri. Niliona kwamba angalau kuna kitu kimoja ambacho hakuna mtu atakigusa.

Sasa sikiliza.

Nilikuwa napeleka maharage sokoni kwa miguu. Kabla ya kuifikia ile kona nilikusikia. Nilisimama barabarani na mzigo kichwani, na wewe ulikuwa unasema, "Ngoja kwanza, huyu mwanaume iko bure kabisa," na vijana wale wakacheka, wote kwa pamoja, kama watu wanaojua mahali pa kuchekea. Telefone yako ilikuwa juu ya jiwe. Safari alikuwa amelala chali, kofia usoni, anasikiliza. Nikasogea. Nilitua mzigo chini, akanyoosha mkono, akachota maharage yake ya ushuru bila kuinuka, na mimi nikapita, nawe ukaendelea kusoma mgongoni kwangu mpaka nikavuka daraja.

Sikumwambia mtu. Niliwaza kuwaua. Usicheke, niliwaza kweli: sumu ya panya katika ndizi, mambo ya kitoto, mambo ya vitabu ambavyo ungevirusha ukutani.

Kisha Papa Anselme akashikwa na tumbo. Henia yake ya zamani ilijinyonga, akawa anatapika, jasho linamtoka kama amemwagiwa maji, na muuguzi akasema maneno yale yale aliyoyasema kwako, hospitali, haraka. Binti yake alikuwa shambani mbali. Nikapanda pikipiki nyuma yake, nikambana katikati yangu na dereva. Ndiyo. Vile vile. Barabara ni moja, ningefanya nini?

Mti ulikuwa umelazwa. Na sauti yako ilikuwa inatoka kwenye jiwe. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo niombe, lakini Papa Anselme alinitangulia, alikuwa amekusikia. Alinyanyua kichwa, yule mzee aliyekuwa haongei tena kwa maumivu, akapiga kelele, "Kavira! Mama Kavira!" Alifikiri nini sijui. Alinyoosha mkono mbele yake, akipapasa hewani.

Safari aliinuka, akazima telefone. "Munamujua huyu mama?"

"Tunamujua," nikasema. "Tufungulie, afande. Muzee iko mugonjwa sana."

"Ngoja. Iko wapi? Mumwambie akuje amalize kitabu. Amekatia pabaya. Nabintu njo ameanza kuosha mama mukwe, halafu hakuna tena kitu. Nimetafuta mu telefone yote."

"Amekufa."

"Amekufa na nini?"

Dereva alinikanyaga mguu. Sikujali. Nilikuwa nimengoja siku hiyo. "Amekufa na wewe," nikasema. "Ulimuzuia hapa na damu yake, wewe uko unakula mahindi. Ile telefone uliitoa mu mukono yake."

Nilidhani atanipiga risasi, na nakwambia kweli, nilitaka angalau akumbuke kwanza. Aliigeuza telefone, akaangalia mgongo wake, kama mtu anayetafuta alama. Kisha akaangalia barabara, upande tuliotoka na upande tunaokwenda.

"Hapa telefone mingi inapitaka," akasema.

Basi. Hakukumbuka, Kavira. Nilikuwa nimebeba ile kona kifuani tangu siku ile, kila punje ya mahindi, na yeye hakuwa nayo kabisa. Akakaribia, akaweka mkono juu ya usukani wa pikipiki, na uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu anayetaka kitu sana.

"Donc wewe unajua vile kitabu inaishaka."

"Sijue."

"Unajua. Naona mu macho yako. Nisemee, nitafungua njia. Na usinidanganye, nitajua. Nimemusikiliza huyu mama mara mingi. Najua vile Nabintu anafikiriaka."

Papa Anselme alielewa kabla yangu. Alianza kuimba. Wimbo wa misa, ule wa kutoa sadaka, kwa sauti iliyopasuka, akikaza meno, ili asisikie. Mikono yake ilikuwa imemshika dereva, hakuweza kuziba masikio. Safari akamwambia, "Nyamaza, muzee, siko nasikia." Akaendelea. Safari akamgusa tumbo kwa mdomo wa bunduki, hapo hapo penye uvimbe, si kwa nguvu. Papa Anselme akanyamaza.

Nikausema mwisho.

Nilitaka kuusema vibaya. Niliapa moyoni kuutupa kama maji machafu: mama mkwe amekufa, Nabintu amekwenda, fungua mti. Lakini nilipoanza sikuweza. Wewe ndiye uliyenifundisha kusema kitabu na nilikisema kama wewe, na mapumziko yako, na ile namna yako ya kushusha sauti mtu anapodanganya. Nikawaambia jinsi yule mama kipofu anavyoushika mkono unaomwosha, akiudhania ni wa mkamwana wake mwingine, yule kipenzi. Anamshukuru kwa jina la yule. Anasema, mwanangu, nina neno moja linalonikaa kooni. Nabintu nilimtendea vibaya. Ukimwona, niombee msamaha kwake. Na Nabintu amekamata kitambaa, maji yanadondoka. Anaweza kusema, mama, ni mimi, nimekusamehe. Mdomo wake unafunguka. Anasema, "Nitamwambia." Yule mama anangojangoja, kama mtu anayesikiliza hatua za mtu mlangoni. Anakufa asubuhi. Nabintu anamwaga maji nje, anafunga kanga yake, anaondoka.

Vijana wote walikuwa wamesogea. Mmoja alikuwa ameilaza bunduki yake chini. Ndege walikuwa wanalia ng'ambo ya mto. Kisha yule wa bunduki chini akasema, "Maskini. Alimuhurumia bibi, hakutaka kumupatisha haya."

"Hapana," akasema Safari. Alisema polepole, akiwaza. "Ile haiko huruma. Ule mama alikuwa anataka neno moja tu, na Nabintu alikuwa nalo mu kinywa, akalimeza. Alimuacha aende na njaa. Ni kisasi. Na watu watasema Nabintu iko mutakatifu."

Maneno yako. Hayakuwa ndani ya telefone, Kavira, hiyo sura hukuirekodi, uliyasema mbele yangu tu, juu ya maharage. Aliyatoa kichwani mwake mwenyewe. Yule mtu aliyekuacha umwagike kama gunia lililotoboka alikielewa kitabu kuliko mimi, na mara moja, kwa kusikia mara moja.

Ungedhani yaliishia hapo. Papa Anselme, mzee wa kufa yule, utumbo umejinyonga, akainua uso wake upande wa sauti. "Kijana," akasema, "umesikiliza vibaya. Alisema nitamwambia. Mtu anayechukia haahidi."

"Anaahidi juu ya kudanganya, muzee."

"Hakudanganya! Yeye mwenyewe njo Nabintu. Alimwambia kweli. Alijiambia."

"Muzee," akasema Safari, na alikuwa anatabasamu, "wewe unapendaka watu sana."

Papa Anselme akaushusha uso kwenye mgongo wa dereva. Safari akainua mti kwa mikono yake, sisi tukapita, naye akatupungia mkono.

Papa alipasuliwa siku hiyo hiyo na akapona. Daktari alisema tungechelewa kidogo zaidi utumbo ungeoza. Nilikaa naye hospitali, nikampikia uji, nikamsafisha. Hakusema nami. Siku tuliyorudi Kashebere, kwa njia ya juu isiyopita kwenye kona, tukiwa tumeketi tunapumzika, ndipo aliponiambia neno lake. "Mwanangu, uliusema vizuri," akasema. "Ungeusema vibaya ningekusamehe."

Haji tena Jumapili. Ile kadi ameitoa ndani ya redio, binti yake anasema sasa anasikiliza habari na mahubiri tu. Nilikwenda kumwona, akanikaribisha vizuri, akaniuliza habari ya mavuno. Mavuno! Yeye na mimi! Tulizungumza habari ya mvua kama watu waliokutana kwenye foleni.

Kwa hiyo nyuma ya duka tumebaki mimi na Masika, na kila kitu ni kizuri.

Na barabarani alibaki yeye. Maharage lazima yafike sokoni. Mara iliyofuata Safari hakuchota kitu kwenye mzigo wangu. Akaniuliza, "Ukona ingine?" Watu walikuwa nyuma yangu kwenye mstari, akina mama na makuku yao, wanangoja. Nikamwambia kile cha padri aliyetoroka, kwa kifupi, ili nipite. Akakikosoa pale pale. Alisema mwandishi alichoka katikati, kwamba mke wa mwalimu mwanzoni ana akili na baadaye hana tena. Ni kweli. Ni kweli kabisa, wewe uliliona na Papa hakuliona. Wiki iliyofuata kile cha ndugu wawili. Nilijizoeza njiani, Kavira, nikijiambia ni kwa ajili ya kupita tu, na nilikuwa ninachagua maneno.

Watu wana macho. Wakaanza kusema Furaha ana mtu wake kwenye bariera. Muuza mafuta alikataa kunipimia. Mama mmoja ambaye kijana wake alichukuliwa kwenda kubebeshwa mizigo msituni upande wa Mpofi, na hajarudi, alinitemea mate karibu na mguu, akaniambia nimwulize mchumba wangu mtoto wake amekufia wapi. Ningemwambia nini? Kwamba tunazungumza habari ya riwaya?

Siku moja alinichekesha. Nakwambia hili kwa sababu hakuna mwingine wa kuambiwa. Nilikuwa nimemweleza kitabu cha yule mganga tajiri, akamwigiza mganga anavyohesabu wake zake na kumsahau mmoja, kwa uso wa upole, mikono tumboni, na nilicheka kabla sijajizuia. Nilicheka kwa sauti. Nilikuwa nimesimama mahali pale pale nilipopiga magoti. Nilijisikia nikicheka, na sauti yangu ilikuwa kama ya zamani, ile ya Jumapili.

Tangu siku hiyo nilipita kwa miguu kule juu, kwenye mashamba, mwendo mrefu, mgongo unaniuma mpaka leo. Maharage yakawa yanafika sokoni wengine wamekwisha kuuza.

Kisha risasi zikalia kwa siku kadhaa upande wa mto, tukalala porini, na tuliporudi, kwenye kona kulikuwa na wengine. Sare nyingine, lugha nyingine. Nilikwenda kuhakikisha, na unajua nilijiambia nakwenda kuona maiti yake. Hakukuwa na maiti. Mmoja aliniambia wale wa kwanza walikimbilia msituni, wengine walikufa, hawajui nani. Akanyoosha mkono kwenye mzigo wangu. Hawa wapya wanataka maharage tu. Telefone yako imekwenda na Safari, kwa hiyo kama yuko hai wewe uko huko, mahali fulani Walikale, unawasomea wauaji, unawaambia ngoja kwanza.

Nilirudi nyumbani na kitu kilikuwa kinaniuma, na ilinichukua muda kukijua. Nilikuwa nimemaliza kitabu kipya na sikuwa na mtu wa kugombana naye.

Hayo njo yaliyobadilika tangu uende. Masika ananiuliza kila siku kwa nini wewe ulikuwa unavitia vitabu alama za hasira pembeni, na mimi namwambia ulikuwa na mwandiko mbaya. Kambale amenenepa. Papa Anselme ataishi, nafikiri, miaka mingi, na hatanipenda tena.

Lala sasa, dada yangu. Sikuombi unisamehe, na Safari simwombei msamaha. Nakuahidi kitu kimoja, na ni kibaya, lakini wewe hukupenda ahadi nzuri. Mtu akiniuliza ni nani aliyekuua, nitamtaja Safari. Mbele ya askari, mbele ya padri, mbele ya mama yako siku nitakapofika Butembo, nitamtaja. Na mtu akiniuliza ni nani katika barabara hii yote aliyekuelewa, nitamtaja yeye pia.

Furaha